Ndege Iliyopita Bila Shikamoo

Naftali alikuwa mtu wa kununa upesi. Ukimpita bila kumwamkia, siku nzima hakusemeshi. Kwa miaka sita alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege cha changarawe huko Mwankoko, kisicho na mnara wala ofisi. Vifaa vyake vilikuwa filimbi, baiskeli na redio ya upepo aliyopewa na Tarun, muuza vitambaa wa mjini, mwenye ndege yake ndogo ya viti vinne.

Majirani walichunga humo humo kiwanjani. Tarun akikaribia, husema redioni, "Shikamoo mzee, nakuja." Naftali huitikia marahaba, hupuliza filimbi, na ng'ombe huondolewa. Bila filimbi hakuna anayehangaika.

Alhamisi moja ya Machi, Tarun alikuwa akimrudisha mama yake, Maniben, kutoka Dar es Salaam alikofanyiwa upasuaji wa jicho. Mvua ilikuwa imeshafunga upande wa Iramba. Mara ndege ikatokea, ikapita juu ya kiwanja ikitikisa mabawa. Tarun alizoea kuwasalimu watu hivyo, basi wachungaji wakampungia mikono. Dorika, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alivua hata mtandio akaupeperusha.

Naftali hakupunga. Redio ilikuwa kimya. "Yaani leo amekuwa mkubwa, hata shikamoo hana?" akanung'unika, akaikunjia ndege uso.

Ndege ikageuka, ikapita tena, chini zaidi, mabawa yakitikisika. Hapo hasira zikamwisha. Tangu wajuane, Tarun hakuwahi kumnyima shikamoo, hata siku ya msiba wa baba yake. Akabonyeza redio.

"Tarun? Hujambo, mwanangu?"

Kimya.

"Redio yake imekufa!" akapiga kelele. "Dorika, toa ng'ombe!"

"Si anatusalimia, mzee?"

"Anatuomba njia! Toa!"

Akapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba, akaingia na baiskeli katikati ya kundi, akiwachapa ng'ombe kwa kofia. Ndama wa mwisho alipovuka, akasimama pembeni na kuinua mikono yote miwili. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Ndege ikatua, ikayumba kidogo, ikasimama.

Tarun alishuka, akamsaidia mama yake kushuka. "Redio ilizimika tangu Manyoni, mzee. Nilipoona wale ng'ombe nikajua tumekwisha." Maniben, jicho moja likiwa na bandeji, alimshika Naftali mikono akamshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kigujarati.

Naftali akaanza kulia, jambo ambalo Dorika hakuwahi kuliona.

"Mwenye kushukuru ni mimi, mama," alisema. "Nilikuwa na mdogo wangu, Leonidas. Tulichimba dhahabu pamoja kule Sekenke, yeye shimoni, mimi juu nimeshika kamba. Siku moja akanyamaza. Nikadhani anapumzika, nikaendelea kula mihogo yangu, kumbe anakufa."

Mvua ilikuwa imekolea, lakini hakuna aliyekimbia kujikinga.

"Leo amenyamaza mwingine," akasema, "na huyu nimemsikia. Asante, Mungu wangu. Asante."