Kichwa cha Cucu Ciakuthii

Dada yangu Ciakuthii alisomea sanaa katika chuo kikuu cha umma. Mtu akimuuliza baba binti yake alisomea nini, baba hujibu "ualimu" haraka haraka, kwa sababu siku aliyosema ukweli, wanaume wa kanisani walicheka hadi mmoja akauliza kama siku hizi serikali inalipia watu wacheze na matope.

Ciakuthii ndiye kifungua mimba, kwa hivyo alipewa jina la cucu, mamake baba. Kwetu jina kama hilo si la kuitia tu. Tangu akiwa mtoto wa nepi baba humwita "mama". Asipoosha vyombo baba husema, "Mama yangu amechoka, mwacheni." Mimi nisipoosha naitwa mvivu.

Mwaka jana, dada akiwa mwaka wa nne, wahadhiri waligoma na karakana za chuo zikafungwa. Akarudi nyumbani Majimbo, hapa Embu mjini, na gunia la udongo wa kufinyangia na kazi moja iliyobaki: kichwa cha mtu, kikubwa kama cha kweli, kilichochomwa motoni. Bila hicho hahitimu.

"Nitamtengeneza cucu," alisema tukila.

Baba aliacha kutafuna. "Cucu gani?"

"Mamako."

"Utamtolea wapi? Hana picha."

Kweli hana. Alifia Kiritiri kabla hatujazaliwa, kitambulisho chake kikarudishwa kwa chifu, na picha ikaenda nacho. Lakini Ciakuthii alitoa kioo cha bafu akakiegemeza kwenye meza ya veranda. "Si mnasema tumefanana? Nitajitazama mimi, halafu nijizeeshe."

Baba ana duka la dawa za mifugo. Mwanzoni alikuwa akipita tu jioni, anakohoa, anaingia ndani. Kisha akaanza kusimama.

"Mashavu yaliingia zaidi. Hapo. Hapana, shuka kidogo."

"Hapa?"

"Ee. Na ndewe ya sikio ilikuwa ndefu, inaning'inia. Wasichana wa zamani walitobolewa."

Sijui ni siku gani hasa ule uso uliacha kuwa wa dada yangu. Nilitoka kuanika nguo nikamkuta mwanamke mzee ananitazama kutoka mezani, nikamwamkia kabla sijajua ninachofanya.

Udongo usipofunikwa kwa kitambaa kibichi hukauka na kupasuka. Ciakuthii alikuwa akikilowesha kitambaa, lakini mara nyingi alikuta mtu amemtangulia. Alasiri moja nikamwona ni nani. Baba alikuwa amefunga duka mapema. Alifunua kile kichwa, akakinyunyizia maji kwa vidole kama mtu anayemwosha mgonjwa, akasema kwa Kimbeere, "Umeshindaje? Leo kuna joto." Akanyamaza. Halafu akaitikia kwa kichwa.

Kuongea hakukunitisha. Hata mimi huongea na kuku. Kilichonitisha ni pale aliponyamaza kungoja jibu, na ni kama alilipata.

Jioni hiyo mezani baba alisema, "Ciakuthii, nipitishie chumvi."

Dada alimpa. Tulipokuwa jikoni akaninong'oneza, "Umesikia alivyoniita?"

"Si ni jina lako?"

"Hajawahi kuliita." Alicheka, lakini chakula chake nilikimwaga.

Mgomo ukaisha. Wanafunzi walitakiwa kurudi baada ya wiki mbili, na kichwa hakijachomwa. Ciakuthii alinieleza kwamba kichwa kizima cha udongo hakiwekwi motoni hivyo hivyo. Unyevu wa ndani hukosa pa kutokea, kikalipuka. Kwa hivyo alikata utosi kwa waya, akauondoa kama kifuniko cha sufuria, akakomba udongo wa ndani kwa kijiko hadi ukabaki ukuta mwembamba. Baba alirudi akamkuta mamake yuko wazi juu ya meza, na vya ndani viko kwenye karai.

"Nini hii?"

"Lazima awe mtupu, baba. La sivyo moto utampasua."

"Mtupu." Alilishika neno lile kama kitu kichafu. "Na bado mtamchoma."

"Si yeye. Ni udongo."

"Kwa nini basi ulimwita cucu?"

Ciakuthii aliweka kijiko chini. Alisema tu, "Nisipokichoma sifuzu. Miaka minne yote, baba."

Baba alikaa kwenye ngazi. "Sawa. Lakini nitambeba mimi. Asiguswe na mtu mwingine."

Kesho yake dada alienda Kiritiri kuongea na Mama Gichovi, mwanamke anayefinyanga vyungu vya maua na kuvichoma kwa kuni nyuma ya boma lake. Aliporudi alikuta utosi umegandishwa mahali pake, mshono umelainishwa, hata mistari ya nywele imechorwa upya.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," baba alisema. "Si nimekutazama siku zote hizi?"

Ciakuthii alifurahi hadi machozi yakamlenga. Baba yake, anayemficha kanisani, ameshika udongo! Hakugusa kitu tena. Kichwa kilikaa kivulini hadi kikawa cheupe kwa kukauka.

Siku ya kuchoma baba alikibeba kifuani kimefungwa shuka. Mama Gichovi alinyoosha mikono. "Lete nikipange."

"Nitampanga mwenyewe."

"Haya, mtoto wa Ciakuthii, mlaze mamako basi," alisema akicheka, kisha yeye na dada wakazungushia kuni, nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe.

Moto ulikuwa haujakolea vizuri tuliposikia mlio kama wa gurudumu la lori likipasuka. Kaa la moto liliruka likapita kando ya sikio langu. Mama Gichovi alinivuta kwa sweta.

"Ulikikomba kweli, msichana?"

"Nilikikomba! Kwa mkono wangu!"

Baba alikuwa anautazama moto. "Nilimrudishia," alisema.

"Ulimrudishia nini?"

"Vya ndani. Vilikuwa kwenye karai. Ningemwachaje hivyo, kichwa kitupu?"

Niliogopa dada atapiga kelele. Badala yake alimshika baba mkono na kumsogeza mbali na joto.

Majivu yalipopoa tuliokota jicho, shavu, sikio na ndewe yake. Mdomo tuliukosa. Ciakuthii alipeleka vipande chuoni kwenye katoni, akavifunga kwa waya vikakaa kama uso, na pale pa mdomo akaacha wazi. Walimpa alama za kufuzu, si nzuri sana. Sasa anafundisha watoto kuchora katika shule moja huko Kanyakine.

Baba bado huenda Kiritiri Jumapili baada ya ibada, na chekeche la dukani, kuyachekecha yale majivu. Mwezi uliopita nilimfuata.

"Baba, si dada alishafuzu? Mdomo unautafutia nini?"

"Alikuwa anasema kitu," alijibu. "Nilipokuwa nampanga."

"Alisema nini?"

Alitikisa chekeche, akainama kutazama kilichobaki.

"Sikumsikia vizuri. Shika upande huo."