Chungu cha Mbegu

Muhogo uliolowekwa una harufu kali inayomfanya mgeni akunje uso, lakini mimi nikiisikia hadi leo natafuta mahali pa kukaa nile. Miaka ya tisini, kijijini kwetu Kitanga, harufu hiyo iliishi jikoni kwa mama pamoja na moshi. Juu ya moshi, kwenye dari la fito, mama aliweka chungu cha mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Maharage ya kula yalikuwa guniani na yeyote aliweza kuchota. Chungu kile alikigusa yeye peke yake, na kwetu kijana hakuhesabiwa kuwa ametoka nyumbani mpaka mama yake ampimie mbegu kutoka humo.

Kaka yangu Yeremia alikuwa ameshajenga. Baba alimkatia shamba ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Rungwe Mpya, naye akasimamisha nyumba ya tofali mbichi, akaiezeka kwa nyasi. Lakini kila jioni alirudi kula kwetu, na mvua za kwanza zilipoanguka shamba lake lilikuwa bado tupu. Mama hakukosa sababu: mara mbegu hazijachambuliwa, mara paa la jikoni linavuja na fundi wake ni Yeremia. Yeremia naye hakuomba. Alikula, akanawa, akasema wataongea kesho. Jioni moja baba alichoka.

"Mvua hizi zikipita hajapanda, analima tena kwangu," alisema. "Mama Yeremia, utamnyonyesha mpaka aote mvi?"

"Sijamfunga kamba. Mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi na ugali uko tayari. Nani atatoka?"

Yeremia alicheka kidogo, akaacha tonge lake sahanini. Kesho yake hakuja kula. Mama alifunika chakula chake, akakifunua, akakifunika tena. Asubuhi iliyofuata kaka alisimama uani, macho chini. "Mama, leo jioni njoo ule kwangu. Uje na mdogo wangu."

Tulivuka mto mvua ikinyunya. Ugali wake ulikuwa na madonge yenye unga mkavu ndani, na maharage yalikuwa magumu kama changarawe. Mama alikula tonge baada ya tonge, uso umetulia. Nilipotaka kutema, alinifinya paja.

"Chumvi imekaa sawa," alisema.

"Na maharage, mama?"

"Yanataka moto na muda. Vyote unavyo."

Njia nzima ya kurudi alijifuta uso kwa kanga, hata pale mvua ilipokatika. Jikoni alipanda kigoda, akateremsha chungu, akapima mbegu mpaka zikabaki chache chini. Asubuhi alitoka na bakuli kichwani na jembe begani. Siku ile, kutoka uani kwetu, tulisikia majembe mawili ng'ambo ya mto.

Sasa ninaishi Kasulu mjini, na Elia, mtoto wa Yeremia, alikuwa akikaa kwangu tangu amalize chuo. Watu husema vijana wa leo wamezoea kulelewa. Mimi siwezi kusema hivyo. Baba yake alikatiwa shamba. Elia amezunguka na vyeti vyake mpaka bahasha imechanika, na hakuna aliyekuwa na kipande cha kumkatia. Mwisho akaanza kutengeneza simu sokoni, akapata chumba cha kupanga. Aliponiambia, nilijibu asubiri kwanza mvua ziishe, chumba chenyewe huenda kinavuja. Nilijisikia nikisema hayo, nikamkumbuka mama kwenye mkeka wa kaka yangu, akimeza unga mbichi kwa heshima yote. Sijui kama mzazi amewahi kumpa mtoto zawadi kubwa kuliko ile mbele yangu. Nikaenda kumtafutia Elia sufuria.

Amehama juzi. Jana alinipigia: "Shangazi, Jumapili uje ule kwangu. Ila usitegemee makubwa."

Nimemwambia nitakuja na njaa.