Koti ya mukwe kwenye boti ya Kilwa

Asubuhi moja ya baridi kali, pale Nchelenge, nilipanda boti ya kwenda Kilwa, kisiwa cha ndani ya ziwa, pamoja na familia iliyotoka Mansa kwa gari: bwana, muke wake na mama ya muke. Mama alikuwa anaenda kuona dada yake, mugonjwa sana.

Nafasi moja tu ilibaki, kutazamana na mama. Bwana akakataa kuikalia. Kwetu, mukwe asiyefanyiwa bado karamu ya kumukaribisha haangaliani na mama mukwe uso kwa uso.

"Basi mubakie!" mwenye boti akafoka. "Mupepo unaongezeka."

Mama akageuka, akaelekeza uso kwenye mupepo, akamupa mukwe mugongo. Akaambia binti yake: "Umuambie bwana yako aikale. Leo tutafika tu."

Katikati ya ziwa, mabega ya mama yakaanza kutetemeka. Bwana akavua koti, akamupa muke wake.

"Umupelekee mama."

Mama akaivaa bila kugeuka. "Umuambie aksanti," akasema, kama vile bwana alibaki Mansa.

Mimi na muke wangu tunaangaliana kila asubuhi kwenye chai. Juzi alikuwa na homa. Jirani ndiye aliniambia.