Mtungi Uliosuuzwa

Siku iliyofuata Idi ndogo, mwaka wa nane baada ya Maji Maji kuanza, nyumba yetu ilipoteza mtungi wa bibi. Ulikuwa mtungi mwekundu wa shingo fupi, wenye mistari iliyochorwa kwa ukucha. Bibi, mzaa mama, aliufinyanga mwenyewe huko Matumbi. Wakati wa njaa iliyokuja baada ya vita, mama aliteremka nao pwani ukiwa kichwani, mimi nikiwa mgongoni, na humo ndani mlikuwa na vibaba viwili vya mtama wa mbegu. Baba alikuwa ameshauawa. Bibi alibaki njiani, na sijui kaburi lake. Kwa hiyo mama alipochota maji katika mtungi ule alikuwa akipitisha kiganja juu ya ile mistari kwanza, kama mtu anayesalimia.

Tuliishi kwenye shamba la pamba la Mjerumani mmoja, mwendo wa siku moja kutoka Lindi. Baba mdogo Athumani, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyetupokea. Alikuwa fundi wa mashine ya kuchambulia pamba, na Bwana alipoletewa pikipiki kwa meli, kazi ya kuitunza ikamwangukia yeye. Ilikuwa na injini ndogo isiyozidi ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Petroli yake ilichanganywa na mafuta mazito humo humo ndani ya tangi, na ilipowaka ilitoa moshi wa buluu wenye harufu tamu kidogo ya kuungua. Hata leo nikiisikia harufu ile, mikono yangu hupoa.

Banda la mashine lilikuwa la mabati na joto lake lilikuwa kali, kwa hiyo debe la petroli lilikaa kwetu, kivulini nyuma ya nyumba. Siku ya Idi mama alikwenda Kitomanga kuwaamkia jamaa akalala huko. Baba mdogo alikuwa msikitini. Nilibaki peke yangu na mkate wangu wa kumimina, nikasikia harufu kali. Nilipozunguka nyuma nikakuta debe limeoza kwenye mshono, petroli inadondoka na mchanga unainywa. Nilijua kwamba ikiisha yote mgongo wa baba mdogo ndio utakaolipa. Nilitafuta chombo. Sufuria zilikuwa na chakula cha Idi, ndoo ilikuwa kisimani. Nikauchukua mtungi wa bibi, nikamwaga maji ya kunywa, nikausuuza. Mama alinifunza kwamba kitu cha mtu hakitiwi katika chombo kisichosuuzwa, na mimi niliusuuza mara tatu, nikaupindua kidogo tu kwa kuwa ulikuwa mzito na debe lilizidi kuvuja. Kisha nikamimina petroli yote iliyobaki.

Baba mdogo aliporudi alinishika kichwa. "Umeniokoa, mama," akasema, kama wazee wanavyowaita watoto wa kike. Magharibi ile akajaza tangi kutoka kwenye mtungi, akaukung'uta mpaka tone la mwisho, akatia mafuta mazito, akatikisa pikipiki huku na huku ili vichanganyike.

Asubuhi Bwana alitaka kwenda Lindi kuiwahi meli ya barua. Pikipiki haikuwaka. Enzi zile haikupigwa teke kama za sasa; ilisukumwa ikikimbia, kisha ikarukiwa. Vibarua wawili waliisukuma kwenye uwanja wa kuanikia pamba, wakaenda nayo, wakarudi nayo, mpaka migongo yao ikang'aa. Injini haikukohoa hata mara moja. Bwana alitoka barazani, akatazama saa yake, akasema neno moja na mnyapara, akarudi ndani. Mnyapara alikuja na kiboko chake akakaa juu ya robota la pamba.

"Athumani, punda wa Bwana kagoma leo?"

"Hajagoma, mzee. Anafikiri."

"Basi afikiri upesi. Bwana amesema saa nne. Hiki changu hakijui kufikiri."

Vibarua walicheka, kisha wakaacha. Sote tulikuwa tumeona watu wakila hamsa ishirini za kiboko, na tulijua ni siku ngapi mtu hulala kifudifudi baada yake.

Baba mdogo hakuharakisha. Aliniita nimshikie spana, akawa anasema nami taratibu, nadhani ili asiisikie hofu yake mwenyewe. "Injini kama mtu, mwanangu. Inataka moto, pumzi na chakula. Tuanze na moto." Alifungua plagi. Ilikuwa imelowa. Akaipangusa kwa kitambaa, akaikausha juu ya makaa, akaiunga tena kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, kibarua akazungusha gurudumu. Cheche ndogo ya buluu ikaruka, ta, ta, ta. "Moto upo." Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, gurudumu likazungushwa, kidole kikasukumwa nje. "Pumzi ipo. Kimebaki chakula." Akachomoa mpira wa kupitishia petroli chini ya tangi, akakinga matone katika kisahani cheupe.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu naye, kwa hiyo nilikiona alichokiona. Chini ya petroli palikuwa na vitone vya mviringo vinavyokimbizana, kama umande juu ya jani la jimbi.

Baba mdogo alinitazama. Sijapata kumwona mtu akielewa jambo kwa haraka namna ile. Inafaa niseme kwa nini uso wake ulibadilika rangi. Miaka ile, katika shamba la Mjerumani, neno maji tulilisema kisimani na msikitini tu. Watu walikuwa wamenyongwa kwa sababu ya maji. Kama ingesemwa kwamba Athumani, mtu wa Matumbi vita ilikoanzia, ametia maji katika kitu cha Bwana, nani angeuliza habari ya mtoto na kusuuza?

"Umeona nini?" mnyapara akauliza, akiinuka.

Baba mdogo akapitisha kidole gumba katika kisahani. "Taka," akasema. "Mpira umeshika taka, na plagi ilikuwa chafu." Akaacha tangi litirike mchangani, kiasi cha bakuli mbili, mpaka matone yakatoka yamechanganyika vizuri bila vile vitone. Akafungua kikombe kidogo cha kabureta, akakipangusa kwa pindo la kanzu yake ya Idi. Akarudisha kila kitu mahali pake. Vibarua wakasukuma. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika, na moshi wa buluu ukatanda uwanja mzima.

Bwana alipoondoka baba mdogo aliniuliza, "Uliusuuza?"

"Ndiyo, baba. Mara tatu."

Akacheka kidogo, kisha macho yake yakalowa. Mtungi ulinuka petroli mpaka ndani ya udongo wake, na mnyapara hakuwa mjinga; angeunusa tu angejua kwamba ile taka ilikuwa maji. Tuliuvunja nyuma ya nyumba, tukaufukia kabla mama hajarudi. Mimi ndiye niliyebeba vigae.

Mama alirudi alasiri. Aliutazama ule upande wa nyumba uliokuwa mtupu.

"Mtungi?"

"Ni mimi, shemeji," akasema baba mdogo. "Niliutia petroli, ukaharibika, nikauvunja."

Mama alinigeukia. Nilitazama vidole vya miguu yangu. "Umevunja mikono ya mama yangu," akamwambia shemeji yake, na toka siku hiyo hakumpa tena maji kwa mkono wake. Alikuwa akiiweka kata juu ya kinu na kwenda zake. Baba mdogo aliichukua kila siku na kushukuru. Nilikuwa na miaka tisa, na nilinyamaza. Nilinyamaza hata nilipokuwa mtu mzima, mpaka mama akafa.

Nimejifunza kuandika uzeeni, katika darasa la watu wazima. Mjukuu wangu ana pikipiki ndogo inayotoa moshi ule ule. Juzi ilimkatalia hapa uani, nikamwambia aanze na moto, aende kwenye pumzi, amalizie kwenye chakula. Akanicheka, lakini akafuata. Alikuta maji kwenye tangi. Akayamwaga, akamlaumu muuza petroli kwa maneno mawili matatu, akaenda zake kucheza mpira. Nilibaki nikilitazama lile doa mchangani. Kwake lilikuwa jambo la dakika kumi, na namshukuru Mungu.

Mwaka uliofuata Idi ile ilikuja vita ya Wajerumani na Waingereza, na baada ya muda askari wakapita shambani kukusanya wapagazi. Walimchukua baba mdogo asubuhi, akiwa kwenye foleni na kamba kiunoni. Hakurudi. Asubuhi ile mama alitoka ndani na kata ya maji. Hakuiweka juu ya kinu. Alimpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji."

Nilifungua kinywa kusema ni mimi. Baba mdogo aliniona juu ya ukingo wa kata, akatikisa kichwa kidogo. Akanywa yote, akairudisha kata mikononi mwa mama, na foleni ikaondoka.