Rubani Aliyebaki Chini

Uwanja wa ndege wa kisiwa cha Nosy Be, enzi za Wafaransa, ulinuka petroli na langilangi kwa pamoja. Upepo ulileta moshi wa viwanda vya kukamulia mafuta ya maua, na mapipa ya petroli yalipangwa kando ya nyasi, hata nikadhani ndege hunyweshwa marashi. Nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu, na bado sijautoka. Tuliondoka kijijini Ambanoro alfajiri, mimi na bibi yangu, ambaye sisi wenye asili ya Ngazija tulimwita Koko, kwa sababu habari zilifika kwamba mama yangu, aliyekuwa mjini Mahajanga, amejifungua na damu haikatiki. Kwa bahari tungechukua siku kadhaa. Mjomba, karani wa forodha, akatukatia tiketi za ndege, akatuleta kwa gari la kuazima, akidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nyumbani tulizungumza Kimalagasi na Kingazija, shuleni Kifaransa. Kiswahili cha mababu kilibakia vipande tu, katika dini, biashara na bahari. Kipande kimoja kilikuwa neno rubani. Kwa Koko, nahodha alikuwa mwenye amri na nguo safi. Rubani alikuwa mtu mwingine kabisa, anayejua miamba ilikojificha, ambaye nahodha mwenyewe humsikiliza chombo kinapokaribia nchi. Na wazee wa kwetu walikuwa na desturi: hupandi chomboni kabla rubani hajala kutoka mkononi mwako. Akishameza, wewe ni amana yake. Kwa hiyo Koko alibeba mokari, vile vimkate vya mchele na nazi, vimefungwa kwenye jani la mgomba, akasimama katikati ya nyasi amejitanda shiromani, nguo ya wanawake wa kwetu, akakataa kupanda.

"Rubani yuko wapi?"

"Mama, hawa hawali vyakula vyetu," mjomba alisema, jasho likimtoka. "Panda. Binti yako anakungoja."

"Ananingoja nikiwa mzima. Sipandi na mtu nisiyekula naye."

Mjomba akamwonyesha Mfaransa mwenye kofia na vifungo vya kung'aa, anayevuta sigara kivulini. Koko akamkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Huyo ni nahodha," akasema, akageuka. Chini ya bawa alisimama Mmalagasi mmoja, ovaroli imeganda mafuta, kichwa kimezama ndani ya injini; anagonga, anasikiliza, ananusa. Koko akamwendea moja kwa moja. Mjomba akatazama saa yake, akamwachia.

Fundi akafuta mikono, akala mokari moja, akaomba ya pili.

"Ipo," Koko alimwambia, "lakini utufikishe."

"Dady," akamjibu, kama wanavyowaita mabibi huko kwetu, "kwa mapishi haya nakufikisha hata Makka!"

Koko akapanda huku akicheka. Ndege ikanguruma, ikaanza kukimbia, na kupitia dirishani tukamwona rubani wetu amesimama kwenye nyasi, mkono mmoja ukitupungia, mwingine ukiwa na mokari. Akawa mdogo, kisha hakuonekana. Koko hakupiga kelele. Vidole vyake tu viliukamata mkono wangu hadi ukafa ganzi.

"Amebaki," alisema.

"Amebaki, Koko."

Akafungua jani, akaitoa mokari ya mwisho, akaivunja, akanitia nusu mdomoni.

"Haya. Rubani ni wewe."

"Mimi sijui njia."

"Hata yule wa vifungo sina hakika naye. Tafuna."

Nikatafuna. Sikuamini, lakini njia nzima sikuondoa macho dirishani, nikiichunga pwani isitupotee. Mjini Mahajanga, mtaani Mahabibo, tulimkuta mama amelala kwenye mkeka, midomo imepauka, mtoto kifuani. Damu ilikuwa imekatika usiku ule, kabla hatujatoka Ambanoro. Akaomba maji. Koko akampa, akakaa kizingitini, akavua viatu, na hapo ndipo alipolia. Miaka yote iliyofuata alishikilia kwamba aliyetufikisha ni yule wa ovaroli. Nilimuuliza: je, kama tungeanguka? "Ningesema ni wewe," akanijibu.

Chuo kikuu nilijifunza kwamba neno rubani lilitoka kwa Waarabu, likazeekea baharini, kisha likapanda angani. Hakuna aliyenieleza lilichokiacha chini. Huko juu nahodha na rubani wamekuwa mtu mmoja, amri na ujuzi chini ya kofia moja. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema chombo huendaje pale nahodha anapokosa wa kumsikiliza. Sizitamani siku zile: safari ile haikumponya mama, na mokari haishikilii bawa. Lakini mwaka huu nilipopanda ndege kwenda Mahajanga kumzika Koko, aliyefia huko akikaribia miaka mia, mlango wa chumba cha mbele ulifungwa tangu mwanzo, na rubani alikuwa sauti tu, ikitutakia safari njema. Nilikuwa na mokari mfukoni. Nikaivunja, nikampa nusu bwana wa kiti cha jirani. Akaniuliza kama naogopa. Nikakana. Akala, akafuta vidole, akalala usingizi, nami hadi tulipotua nilikuwa namchunga, kana kwamba naye, rubani wangu, angeweza kushuka njiani.