Kosa la Madam Elina

Mwaka 2004 Madam Elina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, na karibu nusu ya miaka hiyo aliimaliza akifundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kijiji cha Kinyala. Vitabu vilikuwa haba, wanafunzi wakigombania kimoja dawati zima. Kwa hiyo mwalimu kijana aitwaye Nelson alipomwambia kuna chumba cha intaneti kimefunguliwa mjini, mtaa wa Bulyaga, alitega sikio.

"Kule kuna mazoezi ya sarufi, Madam, na masomo ya kuandika insha. Ya bure kabisa. Twende Jumamosi nikakuonyeshe."

Wakaenda. Kurasa zilifunguka kwa kujivuta, umeme ukikatika unaanza upya, lakini Elina alinogewa. Unachagua jibu, ukipata linakuja kijani, ukikosa linakuja jekundu, na chini yake unaelezwa sababu. Akanunua kaunta buku, akawa kila Jumamosi ananakili masomo kwa mkono, Jumatatu anayamwaga ubaoni. Kidato cha tatu kikaanza kuchangamka. Asukile, ambaye tangu zamani insha yake haikuzidi mistari mitano, aliandika kurasa mbili nzima juu ya mvua iliyoangusha migomba yao. Elina alizisoma mara tatu kwa raha.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu akakutana na sentensi inayoanza "I suggest that he", achague "go" au "goes". Hakufikiri hata kidogo. Akachagua "goes". Likaja jekundu.

Akacheka. "Nelson, mashine yako leo imelewa."

Akafungua tovuti ya pili, kisha ya tatu. Nelson alisogea akasoma naye, halafu akasema taratibu, "Zote zinakubaliana, Madam. Baada ya neno la kupendekeza, S haiwekwi."

 Elina alifunga kaunta buku, akatoka nje, akasimama kwenye manyunyu bila mwavuli.

Alikuwa amemkumbuka Geresoni. Mwaka 1989 Geresoni alikuwa kidato cha pili, mtoto mpole wa mzee Yohane, ambaye ujanani alifanya kazi kwa wamisionari wakampa kitabu chao cha sarufi. Geresoni aliandika "he go" katika sentensi kama ile ile, Elina akaizungushia wino mwekundu. Kesho yake mtoto akaja mbele na kitabu, amekishika kwa mikono miwili. "Samahani, Madam. Kitabu cha baba kinasema hivi." Elina hakukitazama. Alikuwa na miaka kumi kazini, akaona anavuliwa nguo mbele ya darasa. Akamsimamisha Geresoni ukutani, akaliamuru darasa zima limwimbie "he goes, he goes" mpaka kengele ikalia. Kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Higo. Hakunyoosha mkono tena. Mwisho wa mwaka akafeli, akaenda kuchuma chai.

Jumapili baada ya ibada Elina alimuulizia, akaelekezwa nyumbani kwake Ibighi. Alimkuta mwanamke anamenya ndizi uani. Ndiye Ikupa, mke wa Geresoni. Ikupa akapokea sukari aliyoletewa, akapiga goti kidogo. "Ndaga fijo, mama," akashukuru kwa kilugha. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani, "Higo! Una mgeni!"

Elina aligeuka, akatazama mlangoni.

Geresoni akatoka, mtu mzima sasa, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Alimtambua mara moja. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu." Elina alishindwa kukaa kwenye kiti alichopewa. "Geresoni, nimekuja kukuambia jambo. Sentensi ile ulikuwa umepatia. Mimi ndiye niliyekosea."

 Ikupa akaacha kumenya.

"Mimi nilikuamini, Madam," akasema Geresoni. "Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kitabu chake kina makosa. Alikuwa anajivunia sana kile kitabu, kila mgeni lazima aonyeshwe. Akakiweka juu ya dari. Hakukishika tena mpaka tunamzika."

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Hukujua, wala hukukusudia." Lakini macho yake yalikuwa kwenye migomba.

Elina akamwambia anaweza kumfundisha, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yote anayo kwenye kaunta buku. Geresoni akatikisa kichwa. "Siku hizi hata barua namwachia Ikupa aandike. Kunywa chai, Madam, itapoa."

Alikunywa. Kisha akaaga.

Jumatatu aliandika sentensi ile ubaoni, akawaeleza wanafunzi kwamba kwa miaka yote aliifundisha vibaya, na kwamba aliwahi kumwadhibu mtu aliyekuwa sahihi. Hakutaja jina. Asukile aliinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake.

Aliendelea kwenda Bulyaga mpaka alipostaafu, na wanafunzi wake wengi walifaulu Kiingereza. Binti mkubwa wa Geresoni alipomaliza darasa la saba, Elina alimtumia salamu baba yake: amlete Kinyala, atamwangalia kama wake. Geresoni alirudisha shukrani nyingi, kisha akampeleka mtoto shule nyingine. Elina alipoambiwa, alisema amefanya vizuri, akaingia ndani akafunga mlango.