Kitambaa cha Mama na Jasho la Zawadi

Enzi zetu baleti ilinukia rangi nyekundu ya sakafu. Wenzangu mliokulia Bertrams na Troyeville, hapa Johannesburg, mtanielewa. Nyinyi mlioijua baleti kupitia simu, vumilieni kidogo. Tulifundishwa kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi asubuhi, kabla wanakwaya hawajaingia na ngoma zao. Sakafu ilipakwa ile rangi ya kopo waliyopaka mama zetu vibarazani, na kila aliyeanguka aliinuka na tako jekundu. Chuma cha kushikilia ukutani hatukuwa nacho. Tulishika migongo ya viti vya waumini, na ukikishika kwa pupa kiti kinaanguka nawe.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu kutoka mtaa wa Kensington, mwembamba, mwenye redio ya kaseti na fimbo. Tulimwita Madam. Fimbo haikumgusa mtu, iligonga sakafu tu, lakini ilitosha. "Matako ndani, shingo juu!" alifoka kwa Kiingereza, na sisi tuliokuwa tunaongea Kiswahili cha Bukavu nyumbani na Kizulu mtaani, Kiingereza chetu tulikianzia kwenye matako. Mpaka leo dada yangu Zawadi husimama kwenye foleni ya benki kama aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Zawadi amenizidi miaka miwili. Yeye alijaliwa miguu. Mimi nyayo zangu ni bapa kama pasi, na haikupita muda Madam akaniambia kwa upole kwamba baleti inahitaji na watazamaji pia. Nikaikubali kazi hiyo na sijaiacha. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikiangalia, na tulipotoka kwenye spaza, kile kiduka cha kona, nilinunua magwinya, maandazi ya moto yanayochuruzika mafuta hadi kwenye kiwiko. Zawadi alikuwa amekatazwa na Madam kula vitu hivyo. Alikula yangu, kisha akajifuta mdomo kwa soksi yake ya kuchezea.

Mama yetu alikuwa msusi mtaani Hillbrow. Alirudi jioni vidole vimekakamaa, ananukia mafuta ya nywele, na bado alitaka aonyeshwe Zawadi amejifunza nini. Zawadi alicheza jikoni kati ya jiko na kitanda, maana kilikuwa chumba kimoja, na mama alitazama akitikisa kichwa. Alipenda. Kilichomshinda ni kimya. "Kuko muziki, kuko mutoto anacheza, na watu banafunga kinywa? Ni kilio?" Tulimweleza kwamba ndivyo Wazungu wanavyotazama. Akasema basi Wazungu wana shida.

Kwao Bukavu mtu akicheza vizuri harusini au kanisani, huwezi kubaki umekaa. Unainuka na kitambaa safi, unamwendea taratibu huku nawe unacheza kidogo, unampangusa jasho la uso mbele ya watu wote, unarudi kukaa. Hapo mchezaji anajua kwamba ameonekana. Akiachwa jasho limfike kidevuni bila mtu kuinuka, amedharauliwa, na ukoo wake pia. Mama alikuwa na kitambaa cha kazi hiyo, cheupe, chenye ukingo wa kijani alioushona mwenyewe. Kilitoka Kongo naye ndani ya sidiria, wakati sufuria zote zilibaki.

Sasa siku ikafika. Zawadi alikuwa na miaka kumi na mitatu, akachaguliwa kucheza kwenye ukumbi mkubwa mjini, na waliocheza siku hiyo walikuwa wakubwa wa kazi hiyo kweli. Katika hadithi iliyochezwa alikuwa mmoja wa wajakazi wa bibi harusi, na katikati akapewa nafasi ndogo ya kucheza peke yake. Mama alikuja na wanawake wanne wa kanisani, wote wamevaa kitenge cha aina moja, vilemba vimesimama mpaka waliokaa nyuma wakaanza kuguna. Eti wanaguna! Nao walikuwa na pipi zenye karatasi za kelele, na mzee mmoja alikoroma tangu pazia lilipofunguka. Lakini kilemba ndicho kilichowaharibia starehe.

Zawadi akatokea. Niliijua kila hatua, nikawa nimekaza vidole vya miguu ndani ya viatu kwa niaba yake. Alizunguka, akasimama kwenye ncha ya kidole, mkono juu, na pale tulipokaa tuliliona jasho likiteremka kwenye shavu chini ya taa. Ukumbi kimya. Mama akageuka huku na huku, akamsubiri mtu ainuke. Hakuna. Nikaona macho yake yamejaa machozi, si ya furaha, ya uchungu.

"Aba batu beko namna gani?" akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Mutoto anatoka jasho vile, hakuna ata mutu moya anainuka?"

Akainuka yeye. Akashuka kwenye njia ya katikati, taratibu, mabega yakicheza kidogo, kitambaa mkononi kimepeperushwa juu kama inavyotakiwa. Wanawake wanne wakapiga vigelegele kumsindikiza. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu zangu zote, maana nilijua anafanya sawa. Alikuwa amebakiza viti vichache afike jukwaani wakati wahudumu wawili walipomshika viwiko, wakamtoa nje. Zawadi aliona kila kitu. Hakukosea hata hatua moja, lakini mwisho wa zamu yake alitoka mbio, na nilijua analia.

Mama alimaliza onyesho akiwa kwenye kochi la sebule ya kuingilia, amelindwa kama mwizi wa begi. Mimi nilibaki ndani, na mwishoni nikaona jambo lililonichanganya. Nyota wa onyesho alipoinama kushukuru, akatoka kijana mwenye glavu nyeupe akamkabidhi shada la maua, na watu wakashangilia. Nikakimbia kumwambia mama.

"Kumbe banajua!" akasema. "Banajua ile kitu vizuri. Shida tu banatuma mulinzi mwenye glavu."

Sijawahi kusikia uchambuzi bora wa sanaa ya Johannesburg, na nimesoma vijitabu vingi vya programu.

Wiki iliyofuata mkubwa mmoja wa kikundi kile cha baleti alimwita mama. Alizungumza kwa adabu, mikono imekunjwa mapajani. Kama Zawadi anataka kuendelea nao, mama asiinuke tena. Mama akamtazama Zawadi, Zawadi akatazama viatu vyake. Mama akaahidi, na ahadi ya mama si kitu cha kuchezea. Tangu siku hiyo alihudhuria kila onyesho, amekaa wima, kitambaa kimekunjwa ndani ya mkoba, mkono wake juu ya mkoba. Zawadi akirudi nyumbani alimpelekea uso: "Mama, nipanguse basi." Mama alikataa kila mara. "Ya nyumba ni jasho ya joto. Nitakupangusa mbele ya nani, ya sufuria?" Walicheka wote wawili. Mimi niliyekuwa pembeni niliona kwamba mama hacheki moyoni.

Miaka ikaenda, Zawadi akapanda, na mimi nikawa mtazamaji mkali, mwenye maoni ambayo hakuna aliyeniomba. Nitayatoa hata hivyo. Kuna kikundi kilichotuletea nyota kutoka Ulaya, picha yake ikabandikwa karibu na kila robot, hizo taa za barabarani, mjini kote, na alipofika akacheza kama mtu anayewahi ndege. Kuna wale wa kisasa wanaovaa kijivu na kujiviringisha sakafuni saa nzima, kijitabu kikieleza kwamba wanauhoji mwili. Madam angewauliza wameangusha nini huko chini. Wapiga vinanda na fidla wamerudishwa makwao, siku hizi muziki ni wa kurekodi, na spika ikikwama binti wa watu anabaki mguu hewani kama kuku kwenye baridi.

Na watazamaji, eish! Wanapiga makofi mtu akiinua mguu. Wanapiga makofi mtu akiushusha. Wanajipiga picha na ngazi, na glasi, na pazia lililofungwa, na likishafunguliwa wanachungulia simu kuona picha ya pazia imependwa na wangapi. Binti yangu Grace, mwenye miaka kumi na minne na mgongo uliopinda kama ndoano, huongea nami Kiingereza nami namjibu Kiswahili. Nilimpeleka kumwona mama yake mkubwa akicheza, akavumilia kitambo, kisha akajikakamua na Kiswahili chake chote: "Mama, sharp, nzuri tu, lakini inaisha saa ngapi?"

Mwezi uliopita Zawadi alicheza mara ya mwisho. Magoti yamegoma, ataanza kufundisha. Lilikuwa onyesho la Jumapili mchana, na mama alikuja kwa mkongojo wake, kilemba kimesimama kama zamani. Wale wanawake wanne wametawanyika, wawili wako Kanada, mmoja Cape Town, mmoja tumemzika. Nilimwona mama akifungua mkoba, akakigusa kitambaa, akaufunga. Nikajua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hicho hicho. Leo ikipita, basi.

Dada yangu alicheza vizuri kuliko magoti yake. Alipomaliza ukumbi mzima ulisimama. Sikushangaa, siku hizi wanasimama hata taa zikiwaka. Wakainua simu, mamia ya simu, na mama aliyebaki amekaa akawa haoni chochote ila migongo ya watu na matako yao. Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba. Hapo ndipo nilipozikumbuka enzi zetu kwa uchungu kabisa. Enzi zetu aliinuka mtu mmoja, akamwendea mchezaji, akatolewa nje. Leo wameinuka wote, wanaruhusiwa, na hakuna hata mmoja anayekwenda popote.

Nilisimama juu ya kiti nione. Kijana mwingine mwenye glavu alileta maua. Zawadi akayapokea, akainama, kisha akamrudishia. Akaufuata ukingo wa jukwaa, akashuka ngazi za pembeni, na akaja kwenye njia ya katikati na viatu vyake vya kusimamia vidole, akitembea kama bata, maana katika viatu vile hakuna namna nyingine. Watu wakampisha huku wakipiga picha. Alipofika kwenye safu yetu akapiga magoti, yale yale magoti mabovu, akainua uso uliolowa mpaka shingoni.

"Mama, minakuya mimi," akasema. "Wewe uliahidi hautainuka."

Mama hakuinuka. Alifungua mkoba, akakunjua kitambaa, akampangusa paji la uso, mashavu, pua, kidevu na shingo, bila haraka, vipodozi vyote vikahamia kwenye kile cheupe chenye ukingo wa kijani. Grace alishusha simu yake bila kuambiwa, akapiga kigelegele, kibovu, cha mtu ambaye hajawahi kufundishwa. Mama akakitazama kitambaa upande mmoja na upande wa pili, kama anayekagua kama nywele zimesukwa sawa.

"Sasa ndiyo umecheza," akamwambia Zawadi.